Kidonge cha Kusindikiza

Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule na nguo ya kuogelea, kofia ya mpira ya manjano kichwani, miwani ya majini machoni, na miguuni soksi za sufi, maana alidai sakafu ina baridi. Mikono aliiinua kidogo pembeni, kama mtu anayepimwa suti na fundi. Binti yake alipofungua mlango na kumkuta hivyo, funguo zilimponyoka.

"Haya," Mama akasema. "Nimekata shauri. Nipeleke kwenye hayo maji yako."

Binti huyo alikuwa mwalimu wa kuogelea, na watu wote wa bwawani, wakubwa kwa wadogo, walimwita Samaki. Jina lenyewe alipewa na huyuhuyu Mama, tena kwa hasira. Utotoni alirudi nyumbani nywele zikiwa zimelowa chepechepe, akaapa kwamba lilikuwa jasho, na Mama akamwambia, "Samaki wee, unanidanganya mimi?" Tangu hapo jina likaganda. Mama aliyaogopa maji kuliko alivyomwogopa nyoka. Hata uso aliunawa kwa vidole viwili, macho kayatoa, asije akavamiwa. Miaka yote ambayo bintiye alifundisha, Mama aliishia getini. Alimpa mkebe wake wa chakula, akamwambia asikae sana kwenye baridi, akageuka. Hakuwahi kumwona mwanawe akiogelea hata mara moja.

Ndiyo maana Samaki alisimama pale mlangoni akicheka huku machozi yakimtoka. Daktari wa viungo alikuwa amemwambia Mama mara nyingi kwamba magoti yake yangefaidika na mazoezi ya majini, na kila mara Mama alirudi nyumbani akimsema daktari huyo hadi sufuria zikasikia. Sasa huyu hapa, kavaa mwenyewe, kakubali mwenyewe. Samaki alimkumbatia na miwani yake na soksi zake, wakayumba nusura waangukie meza.

Furaha hiyo iliishi jioni moja tu. Kesho yake asubuhi, akipanda ngazi ya chuma kutoka bwawani, Samaki aliteleza, na ukingo wa kidato kilicholegea ukamchana kwenye ugoko. Damu ilitoka kidogo, akaisuuza, akaendelea na kazi. Ngozi yake ilikuwa imekwisha kuchanika na kujishona mara nyingi mno hata asijali. Lakini safari hii ngozi iligoma. Wiki ikapita, ikaja nyingine, na jeraha likageuka kidonda chenye mdomo wazi, kipana kama kifuniko cha chupa.

Na palikuwa na sheria. Ukutani bwawani, kwa herufi nyekundu, paliandikwa kwamba mwenye kidonda haruhusiwi kuingia majini. Herufi hizo aliziandika Samaki mwenyewe kwa brashi yake, na kwa ajili yake aliwahi kuwarudisha nyumbani watoto wanaolia. Sasa sheria ilimgeukia. Akafundishia ukingoni, akipaza sauti na kupiga mateke hewani kuonyesha jinsi miguu inavyotakiwa kwenda, wanafunzi wake wakimcheka mpaka wanameza maji.

"Basi mwalimu mwenzangu atakuingiza," alimwambia Mama. "Ni mpole, ana subira."

"Nani? Nikazame mikononi mwa mtu nisiyemjua? Mimi nitaingia siku utakayoingia wewe. Peke yangu siendi."

Peke yangu. Hilo ndilo lilikuwa neno la Mama kwa kila kitu. Peke yake haendi sokoni, peke yake hali, peke yake hakai kwenye foleni. Tangu baba alipofariki, kazi ya kumsindikiza ilimwangukia Samaki, naye aliifanya bila kinyongo, hata akasahau kwamba ni kazi. Kisha meneja wa bwawa akabandika tangazo: mwisho wa mwezi maji yote yangetolewa, vigae vibadilishwe, na hakuna aliyejua bwawa lingefunguliwa tena lini. Samaki alilisoma, akaanza kuhesabu siku. Alimjua mama yake. Ujasiri ule wa sebuleni haukuwa wa kuwekewa akiba, na ukipoa umepoa.

Zahanati aliyokuwa akitibiwa ilikuwa na chumba kidogo cha kusafishia vidonda, na ndani yake muuguzi mmoja mnene, mwenye kicheko kikubwa, ambaye kila mtu alimwita Sista. Siku ya kwanza Sista alimuuliza maswali yote yanayostahili kuulizwa. Ana kisukari? Hana. Anavuta sigara? Havuti. Anatumia dawa yoyote?

"Mimi?" Samaki alijibu kwa majivuno. "Mimi siumwi, Sista. Hata kidonge cha kichwa sikijui."

Sista alimpima sukari ili awe na hakika zaidi, akaikuta imepanda kidogo tu, isiyofikia ugonjwa. Akasafisha, akafunga, akamwambia arudi. Akarudi. Akarudi tena. Kila bandeji ilipofunguliwa, kidonda kilikuwa vilevile, kingo zake zimepauka, katikati pamelala kimya.

"Kidonda chako kinanishangaza," Sista alisema siku moja, ameinamia ugoko ule na miwani yake ikining'inia puani. "Hakina usaha, hakina harufu. Hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Kimekaa tu kama mgeni aliyesahau kuaga."

Samaki alicheka, lakini alipofika nyumbani alijitupa kitini na kulia. Alisema kwamba basi, bwawa litakauka na yeye yuko juu ya ukingo, na Mama atazeeka na magoti yake bila kuonja maji. Mama alimsikiliza akiwa ameshika kiuno. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kesho," akasema, "mimi nakusindikiza wewe."

Kesho yake waliondoka mapema, bila kifungua kinywa, na Mama akabeba chupa ya chai na mkate ndani ya kikapu. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Sista alipokuwa ameinama na kibano chake, akibandua shashi ya jana taratibu, Mama, aliyekaa kwenye kiti karibu na kitanda, alianza kutayarisha chai. Alikata mkate, akampa binti yake kipande, naye akala chake. Kisha akatoa kibahasha cha dawa kutoka kwenye mkoba, akamimina vidonge vidogo vyeupe kiganjani, akavigawa nusu kwa nusu kwa kidole.

"Hivi vyangu. Hivi vyako."

Samaki alinyoosha mkono bila hata kutazama, akavitia mdomoni.

Kibano cha Sista kilisimama hewani.

"Ngoja kwanza. Hicho ni nini?"

"Kipi?" Samaki aliuliza, ulimi mzito.

"Hicho kilichomo mdomoni mwako!"

Samaki alivitoa vidonge na kuvishika kwenye kiganja, kama mtoto aliyekamatwa na peremende darasani. Akamtazama Mama. Mama akamtazama Sista. "Ni vya kunisindikiza," Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu.

Ikabidi lielezwe kwa wasiolijua. Daktari wa viungo alipompa Mama vidonge vile, muda mrefu sasa, Mama alikataa kuvimeza. Kukaa mezani peke yake na ugonjwa wake, alisema, kulimtia simanzi. Samaki akajitolea kumeza pamoja naye. Mwanzoni alimghilibu kwa punje za karanga, lakini Mama ana macho. Siku alipogundua alinuna kutwa nzima, na tangu hapo akawa anamgawia vidonge vyenyewe, yeye kwa mkono wake. Ajabu, bega la Samaki, ambalo lilikuwa likimuuma kwa kazi ya kuwainua watu majini, likanyamaza. Akapata nguvu, akapata na hamu ya kula. Nani angeacha?

"Lakini nilikuuliza!" Sista akasema. "Nilikuuliza kama unatumia dawa!"

"Na mimi sikukudanganya, Sista, haki ya Mungu. Dawa anatumia Mama. Mimi namsindikiza tu."

Sista alikiomba kibahasha. Akalisoma jina la dawa, akalisoma tena, akaketi polepole kwenye kigoda chake. Mama na binti walijiandaa kugombezwa. Badala yake Sista alijipiga paja, kofi lililosikika hadi ukumbini, akainuka na kibano chake mkononi.

"Tumekipata!" akapiga kelele. "Jamani, tumekipata!"

Vichwa viwili vitatu vilichungulia mlangoni. Sista hakuwajali. Alivuta kigoda karibu na kitanda, macho yakimng'aa kama mtu aliyeokota pete yake ya ndoa mchangani.

"Sikilizeni. Mwili ukichanika hupiga kelele. Damu hukimbilia pale, panavimba, panakuwa na moto. Sisi tunalalamika, lakini kelele ile ndiyo inayoita mafundi waje wasafishe na kushona. Sasa dawa hii kazi yake ni kunyamazisha. Kwa magoti ya Mama yanayopiga kelele bure usiku kucha, ni dawa nzuri sana. Lakini wewe, mwalimu, kila asubuhi unamfunga mdomo anayeita mafundi, halafu unanijia mimi unauliza mbona nyumba haijengwi!"

Samaki alikitazama kidonda chake. Kwa mara ya kwanza hakukichukia. Maskini, kilikuwa kimeita kwa muda wote huo na yeye ndiye aliyekikaba koo.

"Na mashavu haya," Sista akaendelea, akimshika kidevu na kumgeuza kwenye mwanga. "Yalikuwa hivi siku zote?"

"Yamejaa tu siku hizi. Watu wote wanasema nimenawiri. Nilidhani ni raha."

"Mimi nilidhani ana mchumba," Mama akasema, na kwa sauti yake ilidhihirika kwamba alikuwa ameshaanza kumpenda mchumba huyo.

Sista alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani na kuifuta. Alipokwisha, alimfunga Samaki bandeji mpya, akawakokota wote wawili kuvuka ukumbi hadi kwa yule daktari wa viungo wa Mama, aliyefanyia kazi humohumo. Daktari yule alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na Mama alimwogopa kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo Mama, katika dozi niliyokuandikia, wewe umekuwa ukimeza nusu?"

Mama akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa halijamjia Samaki akilini, wala Sista. Wote watatu walimtazama daktari, naye akafunika uso kwa viganja vyake, mabega yakimtikisika.

"Na mimi," akasema alipoweza, "nimekuwa sipati usingizi nikijiuliza kwa nini magoti haya hayasikii. Nilikuwa nimeshajipanga kukuongezea ukija tena."

Wakacheka, wote isipokuwa Mama. Yeye alikuwa akikunjakunja kile kibahasha kitupu, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo.

"Basi ni mimi niliyemzuia mwanangu asipone. Kwa mkono wangu. Na mimi nilikuwa nampa kitu kizuri."

Kicheko kikakatika. Samaki angeweza kusema maneno mengi, kwamba ni yeye aliyekuwa mtu mzima na angepaswa kuuliza, kwamba alikuwa na kiburi cha kutoumwa. Yote yalikuwa kweli. Lakini alichokifanya ni kuushika ule mkono na kuubana kwapani kwake, jinsi alivyozoea kumshika Mama wakivuka barabara.

"Ulinigawia," akasema. "Hukuninyima."

"Usimgawie tena, hiyo ndiyo dawa, Mama," daktari akasema kwa upole. Kisha akamgeukia Samaki, na uso wake ukawa wa kazi. "Na wewe usije ukaacha ghafla. Mwili wako umezoea kuletewa kitu ambacho hujitengenezea wenyewe, na sasa umelala. Ukikata siku moja, utaanguka. Tutapunguza kidogo kidogo, nami nitakufuatilia. Nitakuandikia vya kwako. Hivyo ulivyoshika kiganjani, leo vimeze."

Samaki akavimeza bila chai, vichungu kweli. Ndipo alipogundua kwamba hajawahi kuvionja. Na kwamba jina lake, kwa mara ya kwanza maishani, lilikuwa linaandikwa kwenye faili la wagonjwa.

Asubuhi iliyofuata, meza ya nyumbani ilikuwa kama jukwaa. Mama aliketi na dozi yake nzima kwenye kisahani. Samaki naye alikuwa na kipimo chake kipya, ambacho kila mara kingepungua. Alikimeza kwanza jikoni, kwa makusudi, akarudi mikono mitupu, akaketi.

"Huna kitu?" Mama akauliza.

"Nimeshameza vyangu. Hivyo ni vyako."

Mama alivitazama vidonge kwa muda mrefu, kama mtu aliyesimama juu ya paa akitafakari kuruka. Alishika bilauri. Akaiweka. Akamwambia Samaki aache kumtazama, na alipoangalia pembeni akamwambia asiangalie pembeni. Hatimaye akavibwaga vyote mdomoni, akagugumia maji, akapiga meza kwa kiganja.

"Vimekwenda," akasema, mwenyewe akishangaa.

Baada ya hapo mambo yakaanza kukimbia. Sista alifungua bandeji akanyamaza, na Samaki moyo ukamruka, akadhani kimeharibika. Sista akaleta kioo kidogo na kukishika chini ya mguu. "Tazama. Tazama rangi ile!" Katikati ya kile kidonda kilichokuwa kimepauka palikuwa na nyama mpya, nyekundu, yenye vipunje vipunje na uhai. Pembeni palikuwa na moto kidogo na kuwasha. Samaki hakuwahi kufurahia kuwashwa namna ile. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akijisemea, piga kelele, piga kelele baba, waite wote waje.

Mafundi wakaja. Kila Sista alipofungua, kingo zilikuwa zimesogeleana kidogo, zikivuta ngozi nyembamba ya waridi juu ya ile nyama. Bega la Samaki lilirudi kuuma, akajifunza kulifanyia mazoezi na kulilalamikia kwa sauti, jambo lililomfurahisha Mama sana, maana sasa walikuwa wawili wa kulalamika. Mashavu yalianza kupungua, na mchumba wa Mama wa kufikirika akatoweka nayo. Na Mama, naye, siku moja alipanda ngazi za zahanati bila kushika ukuta. Alipofika juu aligeuka kuzitazama zile ngazi kana kwamba ni mtu mwingine aliyezipanda.

Lakini mwezi ulikuwa unayoyoma. Bwawani mafundi wa vigae walikwisha kuleta magunia ya saruji na kuyapanga kando ya vyumba vya kubadilishia nguo. Mchana wa mwisho, saa chache kabla ya maji kutolewa, Samaki alilala kwenye kitanda cha Sista akiwa ameshikilia kingo za kitanda kwa mikono miwili. Sista alibandua bandeji. Akabonyeza. Akapapasa kwa kidole kilichovikwa glovu, akarudia, akapima subira ya watu wote chumbani.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ngozi bado changa, uichunge. Lakini imefunga yote." Sista akaitupa ile bandeji kwenye ndoo kutoka mbali, ikaingia. "Mnafanya nini hapa? Nendeni!"

Wakaenda. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kuogelea chini ya gauni tangu asubuhi, na kwenye teksi alivaa kofia kabisa ili wasipoteze muda, dereva akiwatupia macho kwenye kioo na kujitia hamnazo. Getini, pale alipozoea kugeuka, Mama alisita. Mama akavuta pumzi, akapita.

Ngazi ilikuwa imekazwa na kuvikwa mpira. Samaki alishuka kwanza, na maji yalipoupokea mguu wake alifumba macho kwa raha. Akageuka, akanyoosha mikono. Mama alishuka kidato kwa kidato akitaja majina ya Mungu, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, akapiga ukelele, kisha akanyamaza. Wakasimama hivyo kwenye kina kifupi, wameshikana.

"Hayaumi," Mama akanong'ona. "Magoti. Hayaumi, mwanangu. Ni mepesi."

"Nilikuambia."

"Uliniambia." Mama aliangaza maji yote yale yaliyotulia, hadi ukuta wa mbali. Kisha akaichomoa mikono yake, mmoja, halafu wa pili, akaushika ukingo. "Sasa nenda."

"Niende wapi?"

"Kule. Nikuone. Sijawahi kukuona."

"Mama, nikuache hapa peke yako?"

"Nenda, nimesema. Usinisindikize."

Samaki alisimama bila kujua la kufanya na mikono yake mitupu. Kisha akajipindua, akausukuma ukuta kwa miguu miwili, akaenda. Aliogelea jinsi ambavyo hakuwahi kuogelea kwenye shindano lolote, bega likimpigia kelele, maji yakimpita masikioni, na mgongoni alihisi yale macho mawili yakimfuata nyuma ya miwani. Aliugusa ukuta wa mbali. Akainua kichwa, akapangusa uso, akageuka kutazama pale alipomwacha Mama.

Ukingoni hapakuwa na mtu.

Aliyapekua maji kwa macho. Kisha akaiona kofia ya manjano. Ilikuwa katikati ya kina kifupi, mbali na ukuta wowote, na chini yake Mama, maji yamemfika kifuani, mikono ameiinua kidogo pembeni kama mtu anayepimwa suti na fundi. Alikuwa anatembea. Samaki akajitupa mbele kumfuata.

"Usije!" Mama akapiga kelele, sauti ikigonga kuta zote za bwawa. "Kaa hapohapo. Nakuja!"